Uvae Nini Kwenye Bustani ya Burudani Siku ya Joto Kali: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Wengi huchagua nguo za kwenda bustani ya burudani wakiwazia picha watakazopiga, au zile dakika mbili tatu za kurushwa na kupinduliwa angani. Siku yenyewe haiendi hivyo. Muda mwingi utakuwa umesimama kwenye foleni au unatembea juu ya lami, jua la utosini, begi mgongoni. Kazi yangu ni kuongoza vikundi vya familia na wanafunzi kwenye bustani hizi, na anayeomba kurudi mapema ni nadra kuwa yule aliyeogopa mashine za kurusha na kuzungusha watu. Mara nyingi ni yule ambaye kisigino kimetoka lengelenge au mapaja yamechubuka.

Kwa hiyo vaa kwa ajili ya foleni kwanza. Kila nguo ya siku hiyo ina kazi mbili: iache jasho likauke, na isichomoke mwilini hata ukiwa kichwa chini miguu juu. Isiyoweza zote mbili ibaki kabatini.

Hatua ya 1: Soma masharti kabla ya kufungua kabati

Kila bustani ina masharti yake ya mavazi na huwa yako kwenye tovuti yao. Nyingi haziruhusu kutembea peku wala bila shati. Bustani za Disney, kwa mfano, kwa siku za kawaida haziruhusu mgeni wa miaka 14 na kuendelea kuvaa kama mhusika wa filamu. Bustani za maji ndizo kali zaidi: jinzi, zipu, vifungo vya chuma na mishipi ya chuma mara nyingi hukataliwa kwenye mitelezo, kwa sababu chuma hukwaruza mtelezo na pia ngozi ya mtu.

Kisha angalia utabiri wa hali ya hewa, na usiishie kwenye nyuzi joto. Tazama pia kipimo cha mionzi ya jua (UV index), ambacho programu nyingi za simu hukionyesha. Kikifika 3 ngozi inahitaji kinga. Kikifika 8 au zaidi, panga kukaa kivulini saa za katikati ya mchana, hata kama mawingu yamefunika.

Hatua ya 2: Anza na viatu

Disneyland ya California ilifunguliwa Jumapili, tarehe 17 Julai 1955, siku ambayo joto lilikaribia nyuzi 38. Lami ilikuwa imemwagwa karibuni, haijakaza vizuri, na visigino vya akina mama waliokuja na viatu vya mchuchumio vikawa vinazama ndani yake. Lami za leo ni ngumu, lakini joto lake ni lilelile: lami nyeusi iliyoshinda juani inaweza kupita nyuzi 60, na joto hilo hupanda moja kwa moja kwenye soli nyembamba.

Chaguo langu ni raba nyepesi zenye kitambaa cha matundumatundu juu na soli nene ya kutosha, ambazo umeshazivaa wiki kadhaa na mguu umezizoea. Usizindue viatu vipya siku hiyo, hata kama duka limekuhakikishia kwamba ni laini. Miguu huvimba kidogo kwa joto na kutembea, hivyo kidole kikubwa kiwe na nafasi mbele yake.

Ndala ziache. Kwenye mashine zinazoning'iniza miguu zitaruka, na ndala iliyoanguka kutoka juu inaweza kumuumiza mtu aliye chini. Kama lazima uvae viatu vya wazi, vaa sandali zenye mkanda wa nyuma unaofungwa kisiginoni.

Lengelenge hutokana na mambo matatu yanayokutana: joto, unyevu na msuguano. Soksi za pamba hunywa jasho na kukaa nalo, ndiyo maana ninashauri soksi nyembamba za michezo zilizochanganywa nailoni au polista, au za sufu laini nyepesi. Ndiyo, sufu, hata kwenye joto. Nyembamba yake haichomi na hailowi upesi. Ziwe zinapita ukingo wa kiatu.

Halafu funga kamba hivi, maana ufungaji huu huzuia kisigino kupanda na kushuka ndani ya kiatu. Tafuta tundu la juu kabisa, lile ambalo wengi huliacha tupu. Ingiza kamba kwenye tundu hilo upande uleule iliko, bila kuivusha upande wa pili, ili kibaki kitanzi kidogo pembeni. Fanya hivyo kulia na kushoto. Sasa pitisha ncha ya kamba ya kulia kwenye kitanzi cha kushoto, na ya kushoto kwenye kitanzi cha kulia. Vuta ncha zote mbili kuelekea chini mpaka vitanzi vikaze, kisha funga kama kawaida. Utasikia kisigino kimeshikwa huku vidole vikiwa huru.

Hatua ya 3: Nguo za ndani na mapaja

Jambo hili watu huona haya kuulizia, nalo huharibu siku kuliko mvua. Mapaja yakisuguana yakiwa na jasho, chumvi ya jasho inayobaki hufanya kazi ya msasa, na ikifika alasiri mtu hawezi kutembea vizuri. Wanene na wembamba wote hupatwa.

Dawa yake ni taiti fupi za kitambaa laini kinachovutika, zinazofika katikati ya paja, chini ya gauni, sketi au kaptura pana. Mahali pengine panapochubuka, yaani kwapani, chini ya mkanda wa sidiria, na chuchu kwa wanaume, paka mafuta ya mgando kidogo kabla ya kutoka, na ubebe kikopo kidogo cha kurudia. Sidiria ya michezo inafaa zaidi kuliko yenye waya, kwa kuwa mikanda ya usalama hukandamiza kifua sawasawa mahali waya ulipo.

Hatua ya 4: Nguo ya juu

Watu hubishana sana kuhusu rangi: nyeupe au nyeusi? Mimi naangalia kwanza kama nguo inapwaya. Mwaka 1980 jarida la kisayansi la Nature lilichapisha utafiti kuhusu majoho ya Wabedui jangwani. Ilionekana kwamba mwili wa aliyevaa joho jeusi haukupata joto zaidi ya aliyevaa jeupe. Kitambaa cheusi chenyewe kilipata moto zaidi, ila kwa kuwa joho lilipwaya, joto hilo liliondoka na hewa kabla ya kufika kwenye ngozi. Fulana nyeusi iliyokubana haina hewa hiyo ya kukuokoa. Basi, chagua nguo pana yenye rangi isiyokolea, na kama unapenda nyeusi, ipwaye kwelikweli.

Jasho hupoza mwili linapokauka. Linalodondoka chini halijakusaidia chochote. Polista nyepesi ya fulana za michezo hainywi maji kama pamba, hivyo hukauka upesi, ingawa harufu huishika haraka. Kitani na pamba nyepesi ni nzuri kama hewa ni kavu na kuna upepo. Penye unyevu mwingi hewani hulowa asubuhi na kubaki hivyo hadi jioni.

Sasa inyanyue nguo uitazame kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona umbo la mkono wako vizuri nyuma yake, mionzi nayo inapita. Fulana nyeupe nyembamba ya pamba ina UPF (kipimo cha jinsi kitambaa kinavyozuia mionzi ya jua) karibu 7, na ikilowa hushuka hadi karibu 3. Nguo yenye alama ya UPF 50 hupitisha sehemu moja tu kati ya hamsini ya mionzi. Kwa mtu wa ngozi inayoungua upesi, shati jepesi la mikono mirefu la aina hiyo ni bora kuliko fulana isiyo na mikono, nalo halimpi joto kama anavyodhani.

Hatua ya 5: Kaptura, suruali au gauni

Kaptura inayokaribia goti inatosha. Fupi mno itakuletea tabu ukikalia kiti cha plastiki au chuma kilichoshinda juani: paja hunata, na kiti kikiwa cha moto huunguza. Suruali pana ya kitambaa chepesi ni nzuri vilevile. Jinzi ni nzito, ikilowa haikauki. Gauni linaruhusiwa kama lina taiti ndani na halifagii ardhi, kwa sababu upindo mrefu hunasa kwenye ngazi za umeme na vibao vya kukanyagia.

Chochote uchaguacho, kiwe na angalau mfuko mmoja wenye zipu. Simu kwenye mfuko wa wazi ni simu ambayo umeshaiaga.

Hatua ya 6: Kichwa, macho na shingo

Kofia yenye ukingo wa sentimeta 7 au 8 kuzunguka pande zote hufunika masikio na shingo, kapelo haifuniki. Mashine za kasi zitakutaka uivue, hivyo chagua inayokunjika na kuingia mfukoni. Miwani ya jua iwe na alama ya UV400, yaani inazuia mionzi ya jua inayodhuru macho, na iwe na kamba ya nyuma. Mwenye miwani ya macho avae kamba hiyo tangu getini.

Nywele ndefu zifungwe chini, karibu na shingo. Fundo la juu la kisogoni hukusukuma kichwa mbele kwenye kiti chenye egemeo. Mikufu, hereni kubwa na bangili zibaki nyumbani. Skafu ndefu ni hatari ya kweli penye magurudumu. Mcheza dansi Isadora Duncan alifariki mjini Nice mwaka 1927 baada ya skafu yake kunaswa na gurudumu la gari. Anayevaa hijabu avae ile ya michezo ya kuvuta kichwani, isiyo na pini wala ncha za kuning'inia, hasa kwenye magari madogo ya mashindano.

Hatua ya 7: Losheni ya jua kabla ya nguo

Ipake ungali hujavaa, ili ufike penye mipaka ya nguo ambapo watu huungua: kola, nyuma ya magoti, juu ya sikio. Iwe na SPF (kipimo cha kinga ya losheni) 30 au zaidi, ipakwe dakika 15 kabla ya kutoka, na kwa mtu mzima mwili mzima huhitaji karibu mililita 30. Rudia kila baada ya saa mbili, na kila unapotoka majini au jasho likikutiririka.

Hatua ya 8: Ijaribu seti nzima nyumbani

Vaa kila kitu, hadi soksi. Nyanyua mikono juu kabisa. Chuchumaa. Inama mpaka vidole viguse sakafu, kisha tingisha kichwa. Ruka mara kadhaa. Kilichopanda, kilichoshuka, kilichobana au kilichodondoka ndicho cha kubadilisha.

Hatua ya 9: Jipange kwa maji

Kwenye mashine za maji, shati likilowa si hasara, linapoza. Soksi zikilowa ni hasara. Zivue uziweke kwenye mfuko wa plastiki unaofunga, vaa viatu vya maji au sandali za mkanda, kisha kausha vidole vizuri kabla ya kurudi kwenye raba. Beba jozi ya pili ya soksi. Kuzibadilisha saa nane mchana hurudisha nguvu hata kama hukulowa. Bebeni pia kivazi kimoja chepesi cha mikono mirefu, kwa kuwa kumbi za maonyesho zenye viyoyozi huwa baridi sana kwa mtu mwenye jasho.

Hatua ya 10: Watoto, na ishara za hatari

Mtoto avae rangi kali inayoonekana kwa mbali, na umpige picha getini akiwa na nguo hizo. Akipotea, utaionyesha mara moja badala ya kukumbuka fulana ilikuwa ya bluu au kijani. Namba ya simu iandikwe upande wa ndani wa bangili ya karatasi. Usimvishe soli nene ili afikie kipimo cha urefu: vizuizi vya kiti vimetengenezwa kwa urefu wa mwili, si wa kiatu. Mtoto wa chini ya miezi sita akingwe kwa kivuli na nguo nyepesi, na gari lake usilifunike kwa blanketi, kwa sababu hewa ndani hupata moto upesi.

Mtu wako akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu, mpeleke kivulini, mvue kofia, viatu na soksi, legeza mkanda na sidiria, lowesha nguo zilizobaki na umpepee huku akinywa maji kidogo kidogo. Akiongea visivyoeleweka, akipepesuka au kupoteza fahamu, hiyo ni dharura: ita wahudumu wa huduma ya kwanza papo hapo, na endelea kummwagia maji mpaka wafike. Usimnyweshe kitu kama hajitambui.