Maua ya barzani: ukipuliza mara moja, umefuga utitiri

Kila mwaka mwezi wa tisa ukiingia hapa Lubumbashi, baridi imekwisha na mvua bado iko mbali, naitwa kuangalia maua ya ndani yaliyopauka: krotoni, sikio la tembo, waridi wa kwenye ndoo. Namuuliza mwenyewe, "Mama, ulipuliza maji ya sabuni?" "Nilipuliza." "Mara ngapi?" "Mara moja, wakafa wote." Basi najua tatizo liko wapi hata kabla sijageuza jani.

Hawakufa wote, hao utitiri, vile vidudu vidogo kama vinukta. Maji ya sabuni yanaua utitiri uliolowa saa ile ile tu. Yakishakauka kazi yake imekwisha, hayaachi dawa yoyote juu ya jani, na mayai hayayaui. Kwenye joto hili la mwezi wa tisa na wa kumi, yai huanguliwa kwa siku 3 hadi 5. Toka yai mpaka jike linaloanza kutaga ni wiki moja, pengine na siku chache juu yake. Na jike moja huweza kutaga mayai zaidi ya 100. Ukipuliza leo ukakaa wiki mbili, waliokuwa ndani ya mayai siku ile tayari ni wazazi.

Kwa hiyo anayeamua siku ya kurudia ni yai. Ukianza Jumatatu, rudia Ijumaa, kisha Jumanne, kisha Jumamosi. Mara 4, kila baada ya siku 4. Andika siku hizo kwenye kalenda ya ukutani, na usiruke hata moja kwa sababu "sioni kitu tena". Mara ya tatu, usipoona kitu, ndiyo watu wengi wanayoiacha, na ndiyo inayowakamata walioanguliwa juzi. Mwezi wa sita na wa saba, kwa ile baridi yetu, utitiri unakua polepole. Siku 7 kati ya mara na mara zinatosha.

Sasa kosa lile linazaa jingine. Wadudu wakirudi, mtu anasema sabuni ilikuwa kidogo, anaongeza. Jamani, acheni! Kipimo ni kijiko 1 cha chai, kilichosawazishwa, cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ndani ya lita 1 ya maji. Hiyo ni mililita 5. Chupa ya lita moja na nusu inapokea kijiko kimoja na nusu. Kijiko cha supu ni mililita 15, mara tatu ya cha chai, na nimeona maua mengi yaliyoungua kingo kwa kuchanganya vijiko hivi viwili kuliko yaliyouawa na utitiri wenyewe. Sabuni ya unga ya kufulia usiiguse kabisa, wala ile yenye javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Jaribu kwanza kwenye jani moja, ngoja siku 2. Likibaki zima, endelea.

Puliza jioni jua likizama, usipulize mchana. Geuza kila jani: utitiri unakaa upande wa chini, na anayelowesha juu peke yake ameosha vumbi tu. Lowesha mpaka maji yadondoke. Kesho yake asubuhi suuza kwa maji safi.

Dawa ya mbu ya kopo iacheni kwa ajili ya mbu. Utitiri una miguu minane, ni ndugu wa buibui, na dawa nyingi za wadudu haziuui. Zinaua wale wanaoula. Tena gesi ya kopo inaunguza majani.

Kama huna uhakika ni utitiri, weka karatasi nyeupe chini ya tawi, ligonge kidogo. Vinukta vikianza kutembea, ni wao.

Wale weupe wenye pamba kwenye vikwapa vya majani ni vidung'ata, jamaa ya wale mnaowaona kwenye muhogo. Nta yao inazuia maji, kwa hiyo wafute kwa kijiti cha pamba kilicholowa alkoli ya digrii 70 ya duka la dawa. Ya 90 ni kali mno kwa jani. Nao pia warudie: kila wiki, mara 4, maana kile kipamba ni mfuko wa mayai, na hayaanguliwi yote siku moja.

Ua lililoshikwa litenge na mengine toka siku ya kwanza. Na ua jipya kutoka pepinieri, kule wanakootesha na kuuza miche, likae peke yake siku 21 kabla ya kuingia sebuleni. Siku 3 hazitoshi, hata kama linapendeza namna gani.

Majani ya zamani yenye vidoadoa hayarudi kuwa kijani. Tazama yale yanayochipua.