Ruzuku ya mto: anzeni na mita 200

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha watu 22, wanawake kwa vijana, kinachotunza ukingo wa Mto Mathare upande wa Huruma, jijini Nairobi. Riziki yangu ni kibanda cha mboga; daftari la kikundi hukaa chini ya meza, karibu na sanduku la nyanya. Ombi letu la kwanza la ruzuku tuliliandika mwaka 2021. Tuliomba shilingi milioni mbili na nusu za "kusafisha Mto Mathare na kuelimisha jamii", tukanyimwa. La pili, mwaka uliofuata, lilikuwa la shilingi 340,000 kwa mita 200 za ukingo na shule moja ya msingi. Hilo lilipita. Wenzetu wa Korogocho, Kibra na Mukuru wakiniuliza tulibadilisha nini, huwaambia kwamba safari ya pili tuliutembea mto kabla ya kushika kalamu.

Tembeeni kwanza

Chagueni kipande ambacho kikundi kinaweza kukikagua asubuhi moja, kila mtu akarudi kazini kwake. Chetu kinaanzia kwenye daraja la miguu na kuishia pale mtaro wa maji taka unapomwagia mtoni. Tulikipima kwa kamba ya manila tuliyoifunga fundo kila mita kumi. Tukaandika tulichokiona: mabomba matano ya vyoo yaliyoelekezwa mtoni, majaa matatu, miti mikubwa minne, sehemu mbili ambapo ukingo humomonyoka kila mvua, na familia kumi na moja zinazolala karibu na maji.

Nendeni zaidi ya mara moja. Sisi tulienda Jumatatu asubuhi, Jumamosi jioni, na siku moja baada ya mvua. Jumamosi ndiyo iliyotufumbua macho. Tuliona mikokoteni ikishuka na magunia ya taka kutoka kwenye maghorofa ya juu barabarani, na vijana wakilipwa shilingi ishirini kwa gunia kuyamwaga. Wapangaji wa huko hawakuwa na gari la taka. Sisi tulikuwa tumepanga semina za kuwafundisha akina mama wa bondeni wasitupe uchafu mtoni, na kumbe wingi wa ule uchafu haukuwa wao! Semina tukazifuta. Tukatafuta mahali pa kukusanyia taka juu, kando ya barabara, na tukakubaliana na walewale wa mikokoteni wazipeleke hapo kwa malipo yaleyale. Bila ile Jumamosi tungeomba pesa za kutibu ugonjwa ambao haupo.

Kuna jambo la kutangulizwa siku hizi. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliua watu hapa Mathare, kisha serikali ikaamuru walio ndani ya mita 30 za mto wahame, na matingatinga yakaja. Tangu hapo, mtu akionekana ukingoni na futi na daftari, watu hujua ni bomoabomoa. Msianze kupima kabla ya kuketi na wanaoishi hapo. Sisi tulizunguka nyumba kwa nyumba, tukaeleza, na jina la mwenye nyumba hatukuliandika popote. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilitaja ukanda wa mita sita hadi 30 kutoka pale maji yalipofika yalipojaa zaidi, kwa hiyo ramani yenu inaweza kutumiwa na mtu mwingine kwa kazi nyingine. Chorani mto, miti, mitaro na majaa. Nyumba za watu ziacheni nje ya karatasi.

Karatasi za kikundi

Hapa sitakaa sana. Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kikundi kinahitaji angalau watu kumi, katiba, kumbukumbu za mkutano wa kuchagua viongozi, na nakala za vitambulisho. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu ndiyo inayowapokea. Baada ya cheti, fungueni akaunti ya benki yenye waweka sahihi watatu, na mchukue PIN ya KRA, yaani nambari ya mlipa kodi, kwa jina la kikundi. Fanyeni haya kabla ya tangazo lolote la ruzuku kutoka. Nimeona vikundi vizuri vikikosa nafasi kwa sababu cheti kilikuwa kimeisha muda.

Kama bado ni wachanga, tafuteni shirika lililosajiliwa liwapokelee pesa kwa niaba yenu. Makubaliano yawe ya maandishi: watakata asilimia ngapi, pesa zitafika kwenu baada ya siku ngapi, na nani atatia sahihi ripoti.

Muwaandikie pia chifu na ofisi ya mazingira ya kaunti barua fupi, mbaki na nakala iliyopigwa muhuri. Mkitaka kuugusa mkondo wenyewe, kwa mfano kujenga gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe), hapo mtahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kwa ruzuku ya kwanza, mimi ningebaki kwenye ukingo.

Pesa ziko wapi

Mpango wa Ruzuku Ndogo wa GEF (mfuko wa mazingira wa dunia), unaosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ulianza mwaka 1992 na umekuwa Kenya tangu 1993. Huu ni wa vikundi vilivyokwisha kukomaa kidogo: kwa miaka mingi kiwango chake cha juu kilikuwa dola 50,000, na hutaka kuona mchango wenu pia, hata kama ni jasho. Global Greengrants Fund hutoa kiasi kidogo zaidi, lakini haipokei maombi yanayotumwa tu. Hupitia kwa washauri wake walio karibu na vikundi, kwa hiyo njia ni kujulikana na mashirika ya mazingira mnayofanya nayo kazi. Wakfu wa KCDF (Kenya Community Development Foundation), ambao ni wa Kenya na ulianza mwaka 1997, hufadhili vikundi vya mashinani mara kwa mara. Vilabu vya Rotary vya mjini navyo vina ruzuku za "district" yao, yaani kanda ya Rotary, na huko mara nyingi mnazungumza na mtu ana kwa ana.

Halafu kuna chama cha watumiaji wa rasilimali za maji, ambacho wengi hapa hukiita WRUA. Sheria ya Maji ya 2016 inavitambua vyama hivi, na Mfuko wa Udhamini wa Sekta ya Maji huvifadhili kupitia mpango wa utunzaji wa bonde dogo la mto. Ulizeni kama mto wenu una chama, mjiunge. Pesa zikikawia, mtakuwa mmekutana na watu wa juu yenu na wa chini yenu kwenye mto mmoja, na hilo lenyewe ni la thamani.

Mfadhili wa kweli hatawaomba mtume "ada ya kushughulikia faili" kwa M-Pesa. Mwenzetu mmoja wa mtaa jirani alilipa shilingi 4,500 na ile nambari ikazimwa jioni ileile.

Bajeti: miche ni rahisi, utunzaji ndio ghali

Mwaka 2020, kabla ya ruzuku yoyote, tulipanda miche 300 kwa siku moja. Wageni walikuja, picha zikapigwa, soda zikanywewa. Miezi sita baadaye nilipita na daftari, nikahesabu 17 iliyo hai. Mingine ililiwa na mbuzi, mingine ikaungua taka zilipochomwa, na iliyobaki ikakaushwa na jua la Januari na Februari. Nililia siku hiyo, sioni haya kusema.

Kwa hiyo bajeti yetu ya shilingi 340,000 ilikaa hivi. Miche 400 ilichukua 16,000 tu. Waangalizi wawili, siku tatu kwa wiki kwa shilingi 500 kila mmoja, kwa wiki 40, walichukua 120,000. Wao humwagilia, hupalilia, hufukuza mbuzi na huzungumza na wapita njia. Uzio, nguzo na magunia ya udongo yalikuwa 48,000. Zana, glavu na buti za mpira 45,000. Kazi ya shule 62,000. Kusafirisha taka 24,000, gharama za benki na uchapishaji 10,000, na akiba ya dharura 15,000. Ofisa wa mfadhili alituuliza kwa nini waangalizi wanachukua zaidi ya theluthi. Nilimpelekea ile hesabu ya 17 kati ya 300, na hakuuliza tena.

Wanaojitolea pia waandikeni. Watu 15 wakifanya kazi saa nne kila Jumamosi, huo ni mchango wenye bei ya kibarua, na daftari la mahudhurio lenye sahihi ndilo ushahidi wake.

Kuhusu cha kupanda: karibu na maji tuliweka nyasi za vetiva, ambazo mizizi yake hushuka wima na kushika udongo, nyuma yake mianzi, na juu zaidi mizambarau na mikuyu. Mkaratusi hapana, unakunywa maji mno. Safu hii tuliijua kwa maumivu, maana mwanzoni tuliweka mizambarau chini kabisa. Panda mvua zikishika, Machi au Oktoba. Ndiyo maana kwenye ombi muandike wazi kwamba pesa zikifika Januari zitatumika kwa maandalizi, na kupanda kutasubiri masika. Mfadhili asiyeelezwa hivyo atawauliza Februari miti iko wapi.

Sehemu ya shule

Wengi huiweka elimu mwishoni kama mapambo: fulana, bango, hotuba. Kwetu watoto ndio waliowavuta wazazi. Tulianza na swali moja darasani: maji ya bomba la shule yanatoka wapi? Karibu wote walinyosha kidole kuelekea mtoni. Tukawaeleza kwamba maji ya Nairobi hutoka mbali, mengi yakiwa ya bwawa la Ndakaini kule Murang'a, na kwamba huu mto wetu nao una safari yake: unaingia Mto Nairobi, kisha Athi, na mwisho Sabaki unamwaga Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Mtoto mmoja akauliza kama chupa yake ya soda inaweza kufika Malindi. Ndiyo, inaweza.

Kisha tuliwapeleka Msitu wa Karura kuuona Mto Gitathuru ukiwa bado unapumua, maana ni huohuo unaoshuka hadi bonde letu kukutana na Mathare. Huko walitumia miniSASS, kipimo kilichotoka Afrika Kusini kinachopanga wadudu wa majini katika makundi 13. Kinahitaji wavu, sinia jeupe na kioo cha kukuzia. Unahesabu makundi uliyoyapata, unajumlisha alama zake, unagawanya, na afya ya mto inaonekana kwa nambari. Watoto wakipata buu wa kereng'ende wao wenyewe, hawasahau.

Msiwaingize watoto kwenye maji ya Mathare. Yana kinyesi, vioo na sindano. Huku chini watu wazima wenye buti na glavu ndio huchota, watoto wanatazama wakiwa ukingoni. Andikeni hivyo kwenye ombi, na muambatishe barua ya mwalimu mkuu na fomu za idhini ya wazazi.

Kuandika na kuripoti

Ombi letu lilikuwa kurasa nne. Aya ya tatizo ilisema hivi: "Katika mita 200 kutoka daraja la miguu kwenda chini kuna majaa matatu. Siku ya Jumamosi tulihesabu mikokoteni 26 ikimwaga taka kati ya saa tisa na saa kumi na mbili jioni. Tunataka mikokoteni hiyo iwe na mahali pengine pa kwenda kabla ya mwezi wa nne." Hakuna neno kubwa hapo, na kila kitu kinaweza kukaguliwa. Andikeni Kiswahili kwanza, hata kama fomu ni ya Kiingereza. Mkielewana wenyewe ndipo mtafute wa kuwatafsiria.

Risiti nazihifadhi siku ileile. Mama wa kitalu hana kitabu cha risiti, kwa hiyo nina fomu yangu: tarehe, kitu, bei, jina, sahihi, na ujumbe wa M-Pesa uliochapishwa nyuma yake. Picha tunapiga mahali pamoja kila mwisho wa mwezi, tukisimama kwenye jiwe tulilolipaka rangi nyeupe.

Mafuriko ya 2024 yalisomba safu yote ya chini, mizambarau 60 na uzio wake. Vetiva ilibaki. Siku ya tatu, kabla hata ya matope kukauka, nilimwandikia mfadhili: nikataja idadi, nikatuma picha mbili za kutoka kwenye jiwe, na nikaomba ruhusa ya kuhamisha akiba ya shilingi 15,000 inunue vetiva zaidi. Baadhi ya wenzangu walitaka tusubiri ripoti ya mwisho. Jibu lilikuja baada ya siku nne: hamisheni. Oktoba tulipanda tena, na safari hii mizambarau iko mita nane juu zaidi.