Kabla Hujamjibu Mpelelezi: Tuhuma za Kosa la Ngono Texas

Wakongo, Wakenya, Warundi na Watanzania ni wengi sasa Houston, Dallas, Fort Worth, hata Abilene. Kijana wa familia akituhumiwa kubaka au kumshika mtu bila ridhaa, mara nyingi tunakimbilia yale tuliyolelewa kuyafanya: kujieleza, kuomba radhi, kutuma wazee wakayamalize. Chini ya sheria za Texas, mambo hayo matatu yanaweza kumfunga hata asiye na hatia. Ndiyo maana familia inapaswa kuyajua haya mapema, kabla simu ya polisi haijaita.

Mpelelezi huanza kwa upole. Atasema anataka tu kusikia upande wako, na huna ulazima wa kumpa. Lakini kukaa kimya tu hakutoshi. Katika kesi ya Salinas dhidi ya Texas, iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2013, mtu mmoja wa Houston aliyekuwa bado hajakamatwa alijibu maswali ya polisi kwa hiari yake, akanyamaza kwa swali moja. Kimya chake kikatumiwa dhidi yake kortini, kwa sababu hakutamka kwamba anadai haki yake. Kwa hiyo itamke: “Natumia haki yangu ya kutozungumza, na nataka wakili.” Kisha nyamaza kweli. Kama Kiingereza chako ni cha kubahatisha, omba mkalimani, wala usikubali mwanao awe ndiye anayetafsiri. Ukiwa mahabusu, usiijadili kesi kwenye simu na mkeo, mumeo au mama. Simu zile hurekodiwa.

Tangu uamuzi wa mahakama hiyo hiyo wa mwaka 2014 katika kesi ya Riley dhidi ya California, polisi kwa kawaida huhitaji kibali cha mahakama kupekua simu ya mtu waliyemkamata, kwa hiyo usiifungue kwa hiari kabla ya kuzungumza na wakili. Wala usifute kitu humo. Kuharibu ushahidi ni kosa jipya la jinai, na mara nyingine ujumbe unaokuaibisha ndio unaoonyesha mlivyokuwa mkiwasiliana.

Suala la wazee nalisema kwa uzito, maana nia huwa njema. Kesi ya jinai ni ya jimbo. Mlalamikaji akisema amesamehe, mwendesha mashtaka bado anaweza kuendelea. Ujumbe wa wajomba wenye bahasha ya fedha, wakiomba familia ile iache kesi, unaweza kuhesabiwa kuwa ni kuvuruga shahidi, na wajomba wenyewe wakashtakiwa. Tena aliyeumizwa ana haki ya kuachwa apumue. Msimwendee, msimpigie, msimtume mchungaji wala shehe.

Soma shtaka lenyewe, usitegemee mliyosimuliwa. Kosa la kujamiiana na mtu bila ridhaa kwa kawaida ni la daraja la pili: kifungo cha miaka 2 hadi 20 na faini isiyozidi dola 10,000. Likiwa na silaha, au mtoto chini ya miaka 14, hupanda daraja la kwanza, na kifungo kinaweza kuwa cha maisha. Umri wa ridhaa ni miaka 17. Kusema “aliniambia ana kumi na nane” si utetezi, na ndoa iliyofungwa nyumbani na binti wa miaka 16 bila kutambuliwa na sheria haimkingi mtu. Upo utetezi kwa vijana waliokubaliana, wasiozidiana miaka mitatu, mdogo akiwa ametimiza 14, lakini una masharti yake.

Ukikamatwa, unapaswa kufikishwa mbele ya hakimu ndani ya saa 48. Hapo ndipo pa kuomba wakili wa kupewa na mahakama kama huna fedha, usione haya. Ukipewa dhamana, soma masharti yake mstari kwa mstari, hasa yanayokukataza kumkaribia mlalamikaji au watoto.

Sasa lililo zito kuliko yote kwa asiye raia. Texas ina utaratibu wa kuahirisha hukumu: unakiri, unatimiza masharti ya uangalizi, kesi inafutwa. Wengi huurukia wakidhani wamepona. Sheria ya uhamiaji ya shirikisho huuhesabu kama hatia kamili, na kubaka au kumdhulumu mtoto kingono ni miongoni mwa makosa yanayofunga karibu kila mlango wa kubaki nchini, hata kwa mkimbizi mwenye grinikadi. Pia utaratibu huo hauondoi wajibu wa kuandikwa kwenye daftari la wahalifu wa ngono, ambalo majirani na waajiri hulisoma mtandaoni; kwa baadhi ya makosa jina hubaki humo maisha yote.

Uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa mwaka 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, unamlazimu wakili wa jinai kumweleza mteja hatari ya kufukuzwa nchini kabla hajakiri. Mwambie hali yako ya uhamiaji katika kikao cha kwanza, na umwombe ashauriane na wakili wa uhamiaji. Akikuletea makubaliano ya kukiri, muulize mambo matatu: yataathirije ukaazi wangu, nitaandikwa kwenye daftari kwa muda gani, na nikivunja sharti moja hakimu anaweza kunifunga miaka mingapi. Usitie sahihi siku hiyo kama majibu hayajakuingia kwa lugha unayoielewa vizuri.