Kusoma geji sita za ndege kwa mwanafunzi wa urubani anayerukia Nairobi

Vitabu vingi tunavyosomea urubani vimeandikwa Uingereza au Marekani, ambako mwanafunzi kwa kawaida huruka karibu na usawa wa bahari na mbali na ikweta. Wewe unarukia uwanja wa Wilson, karibu futi 5,500 juu ya bahari, nyuzi moja na kidogo kusini mwa ikweta. Geji ni zilezile, ila kuna mahali ambapo ukizisoma kama kitabu kinavyosema utadanganyika. Mfano wangu ni Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, yenye geji za mishale.

Hatua ya 1: Jua kila geji inategemea nini

Kaa kwenye ndege iliyozimwa uzigawe geji makundi mawili. Tatu hutegemea hewa ya nje: ya kasi, altimita (ya urefu juu ya bahari), na ya kupanda na kushuka. Tatu hutegemea jairo, gurudumu linalozunguka kwa kasi kubwa na kugoma kubadili mkao wake: ya upeo (mkao wa pua na mabawa), ya mwelekeo na ya kona. Kwenye 172 nyingi za zamani, upeo na mwelekeo huzungushwa na pampu ya kufyonza hewa inayoendeshwa na injini, ilhali kona hutumia umeme. Imefanywa hivyo makusudi: pampu ikifa, kona inabaki.

Hatua ya 2: Kagua mrija na tundu

Mrija wa pito, unaopokea hewa inayokuja mbele ya ndege, uko chini ya bawa la kushoto. Tundu la hewa tulivu liko ubavuni, karibu na pua. Vua kifuniko, chungulia, usipulize. Nyigu wanaojenga kwa udongo wanaupenda sana mrija huo. Mwaka 1996 zilianguka Boeing 757 mbili kwa mambo ya namna hii: ya Birgenair, Jamhuri ya Dominika, ambako wachunguzi waliona huenda nyigu waliziba pito, na ya Aeroperú iliyotoka Lima huku matundu yake yakiwa bado na utepe uliobandikwa wakati wa kuisafisha.

Tundu likiziba, altimita inaganda, geji ya kupanda inakaa sifuri, na geji ya kasi inaonyesha pungufu ukipanda na zaidi ukishuka. Hilo la kushuka ndilo baya. Unakuja kutua, mshale unakuonyesha kasi nzuri, kumbe huna.

Hatua ya 3: Weka altimita

Weka QNH uliyopewa na mnara, yaani shinikizo la hewa la leo kwa kipimo cha usawa wa bahari. Altimita isome mwinuko wa uwanja. Ikipishana kwa zaidi ya futi 75, mwite fundi. Kila hektopaskali moja, kipimo cha shinikizo, ni karibu futi 30. Ukiacha 1021 wakati QNH imeshuka hadi 1013, uko futi 240 chini ya unavyodhani, na ukielekea vilima vya Ngong hiyo si tofauti ya kupuuza.

Kitabu cha Kiingereza kitakufundisha pia QFE, yaani kuweka shinikizo la uwanja wenyewe ili altimita isome sifuri uwanjani. Hapa sahau. Shinikizo la Wilson liko karibu hektopaskali 830, na kidirisha cha altimita ya kawaida hakifiki huko.

Hatua ya 4: Iamini geji ya kasi, usiiamini ardhi

Hapa ndipo Nairobi inapowasumbua wanafunzi wengi. Kwanza rangi, kwa 172S: nyeupe ni noti (maili za bahari kwa saa) 40 hadi 85, kwa flapu zote, vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoteremshwa wakati wa kutua, kijani 48 hadi 129, njano hadi 163, penye mstari mwekundu. Kama ndege yako ni toleo jingine, chukua namba za kitabu chake.

Geji hii haipimi mwendo wako juu ya ardhi. Inapima msukumo wa hewa ndani ya pito. Hewa ya Nairobi ni nyepesi, na mchana wa nyuzi 26 ndege inaruka kana kwamba iko karibu futi 8,000. Ukija kutua na noti 65 kwenye geji, kasi yako halisi hewani ni karibu 73. Ardhi inakimbia kuliko ulivyozoea kuiona Mombasa au Malindi, na mkono unataka kuvuta pua juu ili kupunguza mwendo. Usivute. Bawa linahisi msukumo uleule unaoonekana kwenye geji, kwa hiyo stoli, yaani bawa kushindwa kuibeba ndege, inakuja kwenye namba ileile ya pwani. Kinachobadilika ni urefu wa njia utakaohitaji kusimama.

Hatua ya 5: Linganisha mwelekeo na dira

Jairo la mwelekeo huhama polepole. Lirekebishe kwa dira kila dakika 10 hadi 15, ndege ikiwa imenyooka na kasi imetulia. Kuhusu makosa ya dira, geuza kanuni ya kitabu: ikweta ya sumaku, mstari ambako sindano ya dira haiinami, inapita kaskazini mwetu, upande wa Ethiopia. Ukielekea mashariki au magharibi na kuongeza kasi, dira itaonyesha kana kwamba unageukia kusini, si kaskazini.

Hatua ya 6: Zungusha macho

Anza na upeo, tembelea geji moja, rudi kwenye upeo, nenda nyingine. Usiikodolee ya kupanda na kushuka, maana huchelewa sekunde 6 hadi 9 na ukiifukuza utapanda na kushuka bila mwisho. Kwenye geji ya kona, kampira kake kakienda kulia, kanyaga pedali ya kulia. Na kwa mwanafunzi anayeruka kwa kuona, muda mwingi macho yawe nje.

Ukishazoea, mwombe mkufunzi aifunike geji ya kasi kwa karatasi, uruke mzunguko mzima wa uwanja kwa mkao wa pua na mizunguko ya injini tu, naye akikutajia namba kila unapogeuka. Mzunguko unaofuata afunike altimita.