Kuomba Msaada wa Gharama kwa Ajili ya Mtoto Mwenye Saratani

Mzazi wa Tanzania anapoambiwa kwamba mwanawe ana saratani, asikimbilie kuuza shamba wala kukopa. Aombe kwanza barua ya rufaa katika hospitali ya wilaya au ya mkoa, na aulize papo hapo ni wapi saratani za watoto hutibiwa. Muhimbili jijini Dar es Salaam, Bugando jijini Mwanza na KCMC mjini Moshi ni miongoni mwa hospitali hizo. Pale Muhimbili, taasisi ya Tumaini la Maisha hushirikiana na hospitali ili watoto watibiwe bila familia kutozwa fedha, na husaidia pia malazi ya wanaotoka mbali; hivyo kungoja mpaka mamilioni yapatikane ni kumpotezea mtoto muda ambao ugonjwa hautamrudishia.

Kabla ya safari, mzazi achukue kwa mtendaji wa kijiji au mtaa barua ya utambulisho inayoeleza hali ya kaya, na kama kaya imo katika mpango wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, barua iseme hivyo. Abebe pia cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki ya mtoto, majibu yote ya vipimo, na kadi ya bima ikiwa ipo.

Akifika hospitalini, aombe kuonana na afisa ustawi wa jamii mapema iwezekanavyo, kabla deni halijalimbikizana, kwa kuwa huyo ndiye anayepima uwezo wa familia na kushughulikia msamaha wa gharama. Ajibu maswali yake kwa ukweli na kwa ukamilifu: kipato kinatoka wapi, nani wanategemea kipato hicho, na watoto waliobaki nyumbani wanalelewa na nani. Kueleza umaskini mbele ya afisa huyo si kujidhalilisha. Ndiyo kazi aliyowekewa.

Hata dawa zikipatikana bure, nauli, chakula na kipato kinachokatika nyumbani hubaki, na hapo ndipo familia nyingi hushindwa. Tiba ya saratani ya damu inaweza kuchukua zaidi ya miaka 2, na mtoto huonekana amepona mapema, naye mzazi aliyeishiwa hushawishika kutorudi. Kwa hiyo aombe ratiba ya matibabu kwa maandishi, ahesabu safari zote, na nauli ikianza kupungua awaarifu wauguzi na ustawi wa jamii kabla ya tarehe kupita, si baadaye.

Mwajiriwa akumbuke kwamba sheria ya ajira humpa siku zisizopungua 4 za likizo yenye malipo katika mzunguko wa likizo, yaani kipindi ambacho sheria hutumia kuhesabu likizo, mtoto anapougua. Ndugu na majirani wakichanga, fedha zishikwe na mtu mmoja anayeaminika, ziandikwe daftarini, na zitengwe kwa ajili ya nauli na chakula. Picha za mtoto akiwa uchi au katika maumivu makali zisisambazwe ili kuchangisha.