Ulifukuzwa kazi ya zamani na mwajiri wa sasa hajui? Anza na fomu uliyoisaini

Kazi yangu ni kutunza mafaili ya wafanyakazi, na swali hili huletwa kwangu kwa sauti ya chini, mlango ukiwa umefungwa: "Kule nilikotoka nilifukuzwa. Niseme au ninyamaze?" Nami huuliza kwanza: kwenye fomu ya maombi uliulizwa nini, na ulijibu nini?

Kwa hiyo tafuta nakala ya fomu hiyo, wasifu uliotuma na mkataba wako. Fomu nyingi huuliza wazi kwa nini uliacha kazi ya mwisho, na mwishoni huwa na tamko kwamba maelezo yote ni ya kweli na kwamba uongo unaweza kukukosesha ajira. Sahihi yako iko hapo chini.

Kama hukuulizwa wala hukudanganya, sioni sababu ya kwenda kujianika. Acha mpaka jambo liguse kazi yako: unapandishwa cheo na historia yako itachunguzwa upya, au unapelekwa kushika fedha na kosa la zamani lilikuwa la fedha. Hapo sema mapema, kabla uchunguzi haujaanza.

Kama uliandika "niliacha mwenyewe" ilhali uliachishwa, kinachokuhatarisha sasa ni jibu hilo kuliko kule kufukuzwa. Nimekaa kwenye vikao vya nidhamu ambako wakubwa walikuwa radhi kusamehe kosa la zamani, lakini hawakuweza kuvumilia kwamba walipata habari kwa simu ya mwajiri wa zamani. Karani mmoja wa ghala, aliyekuwa amefukuzwa kwa utoro, alikuja mwenyewe na barua mkononi. Alipewa onyo la maandishi, akabaki kazini. Siwezi kukuahidi hivyo. Mwajiri anaweza kuamua kukuachisha. Na ikiwa kosa lilifika polisi, au kazi yako inahitaji leseni, onana kwanza na mwanasheria au chama chako cha wafanyakazi.

Kabla ya kufungua mdomo, isome tena barua ya kuachishwa. Watu hujihukumu kwa jambo ambalo barua haisemi. Kupunguzwa kwa sababu kampuni imebana matumizi hakukuhesabii kosa, na mkataba wa muda ulioisha bila kuongezwa si kufukuzwa. Tumia maneno ya barua yenyewe, maana mwajiri wako akipiga simu kuuliza, hayo ndiyo atakayosomewa.

Kisha omba muda na mtu mwenye uamuzi: msimamizi wako au mkuu wa rasilimali watu. Usimwonjeshe mwenzako wa dawati la pili. Habari itafika juu kabla yako. Ukishakaa, sema moja kwa moja:

"Kuna jibu kwenye fomu yangu ya maombi ambalo halikuwa sahihi. Niliandika kwamba niliacha kazi mwenyewe. Niliachishwa kwa kuchelewa mara kwa mara baada ya kuonywa. Barua hii hapa. Nimeona uisikie kutoka kwangu."

Ukimaliza, nyamaza. Hapa ndipo wengi huharibu: kimya kinawatisha, wanaanza kumsema bosi wa zamani, mara wivu, mara majungu. Kama ulifukuzwa bila kusikilizwa, sentensi moja inatosha. Ni hoja ya haki: Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1982, unataka mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea kabla ya kuachishwa kwa sababu ya mwenendo au utendaji. Lakini hoja hiyo haifuti jibu uliloandika kwenye fomu, kwa hiyo usijifiche nyuma yake.

Siku hiyohiyo andika barua pepe fupi: tulionana leo, nilieleza hili, nimeambatisha barua. Baki na nakala nje ya kompyuta ya ofisi. Ukiitwa kwenye kikao cha nidhamu, omba tuhuma kwa maandishi, omba muda wa kujibu, na uliza kama unaruhusiwa kuja na mwakilishi.