Ukirithi droo ya mayai ya ndege, anzia kwenye kadi

Natunza mayai ya makumbusho hapa Uingereza, na haupiti mwaka bila mtu kuniletea droo aliyoikuta darini kwa marehemu babu yake. Swali la kwanza huwa ni bei. Hayauzwi. Kuchukua mayai ya ndege wengi wa porini kulipigwa marufuku mwaka 1954, na kuyauza ni kosa hata kama ni ya enzi za Malkia Victoria. Hata kukaa nayo tu, lazima uweze kuonyesha kwamba yalichukuliwa kabla ya marufuku hiyo.

Ushahidi wako ni kadi, yaani karatasi ndogo zilizowekwa pamoja na mayai zenye maelezo na tarehe ya kuchukuliwa, kwa hiyo usiguse yai kwanza. Piga picha droo nzima jinsi ilivyo. Mimi niliwahi kunyanyua kadi tatu kwa mkupuo nizisome dirishani, nikarudi sijui ipi ni ya kijumba kipi. Wino ndio ulioniokoa: mkusanyaji alikuwa ameandika 2/4 kwenye kila ganda la kijumba kimoja, yaani kiota cha pili, mayai manne, na kadi moja ilikuwa na alama hiyohiyo.

Vua pete, tandika taulo mezani, fanya kazi ukiwa karibu kabisa nalo. Yai usilibane kwa ncha za vidole. Lilaze kiganjani, kisha ligeuze polepole utafute tundu. Wakusanyaji wa zamani zaidi walitoboa ncha zote mbili. Waliofuata walitoboa tundu moja ubavuni kwa keekee ndogo, wakapuliza kwa mrija uliopinda hadi ute na kiini vikatokea palepale. Tundu dogo kama kichwa cha pini, yai lilikuwa bichi. Likikaribia punje ya dengu, kinda lilikuwa limeshaanza kuumbika, likatolewa vipandevipande. Hilo litenge, kwa sababu mabaki ya ngozi ndani huvuta wadudu.

Ukiona unga mweupe juu ya ganda, usikimbilie kusema ni ukungu. Mara nyingi ni mvuke wa asidi kutoka mbao za kabati, mwaloni hasa, unaokula chokaa na kuacha chumvi. Usisugue, usioshe, maji yatakuondolea wino. Hamishia kwenye boksi lisilo na asidi, mbali na mwanga.

Kisha pima urefu, upana na uzito. Mwaka 1967 mwanaikolojia Derek Ratcliffe alionyesha, kwa kugawa uzito wa ganda kwa urefu mara upana, kwamba maganda ya mayai ya kozi, ndege mwindaji, yalikonda ghafla mwishoni mwa miaka ya 1940, dawa ya kuua wadudu ya DDT ilipoanza kutumika. Maganda ya kulinganishia ya kabla ya hapo yalitoka kwenye droo kama hizi. Hawa watu waliokuwa wakining'inia majabalini kwa kamba kupora viota siwapendi hata kidogo, ila nawashukuru kwa kuandika tarehe.

Kadi isiyo na tarehe, andika kwa penseli: haijulikani. Usikisie.